Neno Alilosema Orpa

Heritier alikishika kipaza sauti kama mtu aliyeshika shingo ya kuku na hana haraka ya kuchinja. Watu mia tatu walikuwa bado wananipigia makofi. Nilikuwa nimesimama jukwaani, na nyuma yangu slaidi yenye neno moja tu la Kiswahili, herufi zake kubwa kama milango: KUTOSHA.

"Mshindani mwenzangu amesema vizuri," alianza, kwa Kiingereza kilichopigwa pasi. "Ametueleza habari za mama mmoja, na hospitali moja, na mkalimani mmoja aliyekosea neno moja. Nina swali fupi tu. Huyo mkalimani mmoja ni nani?"

Wachache wakacheka, kicheko cha watu wanaongoja kuona ngumi. Brandon, mshereheshaji wetu, akabonyeza kitu mkononi na saa ya ukutani ikaanza kuhesabu kurudi nyuma. Dakika moja ya kujibu. Hapo Heritier akainama mbele kidogo na kuongeza kwa Kiswahili, na mle ukumbini tulikuwa watu wazima wanne tu wa kumwelewa:

"Namba gani, dada? Sema namba."

Wanne hao ni mimi, yeye, dada yake Orpa, na Kalume mume wa Orpa. Orpa alikuwa safu ya tatu. Kwenye paja moja amempakata binti yake Zoé, kwenye paja la pili binti yangu Kathambi, kwa sababu mume wangu alikuwa zamu kule Houston na sikuwa na mtu mwingine wa kumwachia mtoto. Kathambi alikuwa amepitiwa na usingizi, mdomo wazi, juu ya kifua cha mwanamke niliyemkosea.

Sekunde hamsini na tano.

*

Watu wa hapa bado wanapima mambo kwa wiki ile ya Februari Texas ilipoganda. Kabla ya barafu, baada ya barafu. Sisi tulikuwa siku ya pili bila umeme katika fleti yetu ya Sharpstown, Houston. Bomba la jirani wa juu lilikuwa limepasuka na dari yetu ilitoka jasho. Nilikuwa na mimba ya miezi saba. Mchana nilifanya kazi ya ukalimani wa simu, jioni nilimalizia shahada ya kwanza, darasa la watu wazima lililojaa wapishi na madereva wanaosinzia huku kalamu ziko mkononi. Nilikuwa na imani ya kijinga kwamba kila karatasi ya mtihani niliyorudishiwa ilikuwa tofali la nyumba ya mtoto wangu. Bado ninayo.

Kampuni ilituma ujumbe asubuhi: wakalimani wengi wa Kiswahili hawapatikani, mwenye laini aingie kazini tafadhali. Nikashuka ngazi nikishikilia ukuta, nikaingia kwenye Corolla ya mume wangu Mwenda, nikawasha hita, nikachomeka simu, nikaweka daftari juu ya tumbo.

"Mkalimani nambari 4471, Kiswahili," nikasema simu ilipoingia. Hatutaji majina. Nambari ndiyo sura yetu.

Mwalimu aliyetufundisha kazi ile alipenda kusema mkalimani ni bomba: linapitisha maji, halionji. Ukisikia kitu usichokielewa, unasema wazi, "Mkalimani anaomba ufafanuzi." Hujazii. Hujibu kwa niaba ya mtu. Nilipata alama tisini na nane kwenye somo hilo.

Ilikuwa hospitali ya Fort Worth. Laini ilikuwa ikikwaruza. Daktari, sauti ya mtu ambaye hajaenda nyumbani kwa siku mbili, alisema mtoto ni mkubwa, mapigo ya moyo yanaanza kuchoka, anashauri wampasue mama sasa badala ya kuendelea kungoja. Je, mama anakubali? Nikayapitisha maneno hayo kwa Kiswahili changu cha shule ya Embu. Upande wa pili mwanamke alikuwa anapumua kama anayepanda mlima na gunia.

"Kutosha," akasema.

Nikangoja.

"Kutosha tu."

"Umesema inatosha, mama?"

"Eeh! Kutosha! *Kutosha!*"

Nikamwambia daktari kwamba mama anasema imetosha. Daktari akauliza, "Yaani hataki? Anakataa?"

Hapo ndipo pa kusimama. Hapo ndipo bomba linapaswa kusema, mkalimani anaomba ufafanuzi. Lakini vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi, mtoto alikuwa ananipiga teke chini ya mbavu, na moyoni nilikuwa nimeshamsifu yule mama, nikisema kumbe wako wanawake wa kweli, huyu ameamua kuzaa kwa nguvu zake. Sikumwuliza yeye. Nilijibu mwenyewe.

"Ndiyo," nikasema. "Anakataa."

Miezi miwili baadaye nilipasuliwa mimi. Daktari aliniuliza swali lile lile, nami nikajibu kwa Kiingereza changu mwenyewe, na baada ya nusu saa nikawekewa Kathambi shingoni, mzima, analalamika. Yule mwanamke wa Fort Worth hakunijia akilini hata kidogo.

*

Nilimkuta miaka mitatu baadaye, bila kumtafuta. Nilikuwa nimeshapanda hadi shahada ya uzamili, bado jioni, na utafiti wangu ulikuwa wa mambo madogo: kwa nini akina mama kutoka Kongo wanakosa miadi ya kliniki. Kanisa moja la Wakongomani lilinipa majina. Orpa alifanya kazi ya kufunga mizigo ghalani, na Jumamosi ndiyo iliyokuwa yake. Nikaenda Fort Worth na Kathambi.

Alitufungulia mlango akiwa na mwiko mkononi. Mwanamke mfupi, uso mpana, macho ya mtu anayekupima kabla ya kukukaribisha na anayekukaribisha hata hivyo.

"Karibuni. Ee mwana," akamwambia Kathambi, "tosha viatu."

Kathambi alinitazama. Akaniuliza kwa Kiingereza kama huyu mama anataka kujua viatu vyake vimemtosha.

Nikamtafsiria Orpa swali hilo, naye akacheka hadi akashika mlango. "Hapana! Weye Mukenya mutoto! Kutosha!" Akainama, akamshika Kathambi kisigino, akavuta kiatu kimoja, kisha cha pili. "Ona. Nimetosha. Viatu haviko tena ku miguu."

Nami nikacheka. Kisha nikaisikia tena ile sauti ya kwenye simu, wakati wa barafu: kutosha tu.

Kwao kutosha ni kutoa. Kutosha viatu, kutosha sufuria motoni, kutosha jino. Kutosha mtoto tumboni. Nilikuwa nimezungumza na Wakongomani miaka yote hiyo na maana hiyo haikuwahi kunigonga hata siku moja.

Tulikaa. Akaleta chai na mandazi ya moto. Zoé alikuja akasimama karibu na goti langu, na nikaona mkono wake wa kushoto. Ulining'inia umegeuka, kiganja kikitazama nyuma, kama wa mtu anayepokea kitu kwa siri. Nikauliza nilivyotakiwa kuuliza: alizaliwa lini?

"Ile wiki ya barafu," Orpa akasema. "Mashini ya kurekodi iko inasikia? Sawa. Docta aliuliza ku simu, kulikuwa mama moja wa kutafsiri, Mukenya kama weye. Aliuliza bapasue? Mi nikabaambia, kutosha. Kutosha tu. Mara tatu nilisema. Mi nilikuwa sina nguvu ya kusema mingi. Kisha nikangoja. Kalume alikuwa mbali, barafu ilifunga barabara. Hakuna muntu alikuja. Saa tano nzima! Mutoto akakwama mabega. Bakamuvuta." Akaonyesha kwa mikono yake, kisha akaificha chini ya meza. "Mushipa ikakatika ndani."

Nilikuwa na karatasi ya maswali mbele yangu. Mistari yake ilikuwa inaogelea.

"Na ku makaratasi bakaandika mi nilikatala," akaendelea, taratibu, kama anayesimulia habari za jirani. "Kalume hajui Kiingereza mingi, lakini ile neno alisomewa. Mama yake iko Uvira. Kila siku ya Mungu anapiga simu anasema: bibi yako alikatala juu ya kiburi. Alitaka bantu bamusifu, alizala bila kisu. Alikula mukono ya mutoto wako."

"Na Baba Zoé anasema nini?"

"Hasemi." Akamvuta Zoé, akamfuta sukari mdomoni. "Afazali angesema."

Nilipaswa kusema pale pale. Nimeshaifikiria dakika ile katika foleni, katika sala, nikikosha vyombo. Duniani kote tulikuwa watu wawili tu tulioisikia ile sauti na kuelewa lugha yake, au kudhani tumeielewa. Mmoja hakuaminiwa, na wa pili alikuwa amekaa kwenye meza yake, ana andazi mkononi. Neno moja tu lingemrudishia Orpa heshima yake nyumbani kwake.

Nikasema, "Pole sana, Mama Zoé." Kisha nikasoma swali lililofuata: kutoka hapa hadi kliniki ni mwendo gani?

*

Nilibadilisha utafiti wangu wote. Nilihoji akina mama thelathini na wanane, wa Fort Worth, wa Houston, wengine wenye watoto wazima. Nikakusanya maneno sitini na moja ambayo Mkenya na Mkongomani wanayatamka sawa na kila mmoja anakwenda na maana yake. Kila neno nililoliandika lilinipa nafuu ya siku mbili, kama kidonge. Nilijiambia hii ndiyo toba yenye faida. Mwenda, ambaye ni muuguzi na amewaona watu wakipoteza kazi kwa makosa madogo kuliko langu, hakuzunguka.

"Utasema, halafu?" aliniuliza siku nilipomweleza. "Mkono wa mtoto utanyooka? Wawira, wewe peleka hiyo orodha hospitali. Hiyo inasaidia watu. Hayo mengine ni kujitia kitanzi ili ulale vizuri."

"Mama yake mtoto ndiye asiyelala."

"Na wetu atakula nini, ukweli?"

Nilitaka awe na haki.

Ndipo likaja shindano. Wanafunzi wa shahada za juu wa Houston na wa Dallas, kila mmoja dakika tatu na slaidi moja, anaeleza utafiti wake mbele ya watu wasiojua lolote juu yake: makarani, wazazi, madereva, yeyote aliyeingia. Watu hao ndio wanaopiga kura. Na mwaka huo wenye hospitali walikuwa miongoni mwa wadhamini: kazi ya mshindi ingejaribiwa katika hospitali saba. Saba! Nililala na nambari hiyo kama mtoto anavyolala na mwanasesere.

Fainali ilikuwa Plano, karibu na Dallas, Jumamosi asubuhi, katika ukumbi wa kampuni moja wenye vioo hadi juu. Tulipanda barabara ya 45 Ijumaa, mimi na Kathambi, saa nne za ng'ombe na matangazo ya mawakili. Asubuhi, penye kahawa, nikamwona Orpa. Amevaa kitenge kipya cha rangi ya chungwa, kilemba kimesimama. Kalume yuko pembeni yake, mrefu, kimya, suti ya kanisani.

"Mama Kathambi!" Akanikumbatia. "Kumbe na weye! Tumekuja kwa muloko wangu, Heritier. Yeye iko anasomea barabara."

Muloko ni mdogo wake. Hilo pia lilikuwa kwenye orodha yangu.

Nikainama kumsalimia Zoé. Ili nipate la kusema nikamwambia, "Leo mama Kathambi ana shindano. Wewe pia umekuja kwenye shindano?"

Mtoto akaniangalia, midomo ikatetemeka, akapiga yowe na kujificha nyuma ya suti ya baba yake. Orpa akacheka mpaka akafuta machozi. "Mama, usimuambie vile! Shindano kwetu ni ya hospitali, ya kuchoma ku mukono. Huyu amechomwa mingi!"

Kathambi akamfuata Zoé nyuma ya suti na kumpa biskuti. Kalume akatabasamu mara moja, kwa watoto, si kwa mkewe. Nikaliona pengo hilo baina yao, pana kama kiti kisicho na mtu.

Heritier alinifuata baada ya mazoezi. Alikuwa amesikia maneno yangu yote, na kura ya maswali ilikuwa imeshapigwa: sheria ya fainali ni kwamba kila mshindani anaulizwa swali moja na mwenzake, na karatasi yangu alikuwa ameichomoa yeye.

"Mama unayemsema kwenye hotuba," alisema. "Yule ni dada yangu."

"Aliniruhusu. Alitia sahihi."

"Najua alitia. Dada yangu anatia sahihi kila kitu, ndiyo maana tuko hapa." Kiswahili chake kilikuwa cha mtu aliyekitoa kambi ya wakimbizi akiwa mdogo na kukipitisha katika shule za Texas. "Mi nimeandika hospitali barua tatu. Wanajibu: mgonjwa alikatala. Nimeandika kampuni ya wakalimani. Wanajibu: jina ni siri. Niko na kitu moja tu, kwenye karatasi ya hospitali. Namba. Na wewe, mtafiti mzima, umezungumza na mama thelathini na nane, umetengeneza slaidi nzuri, na mkalimani ukamwita 'mmoja'. Unamficha."

"Utafiti hautaji majina, Heritier."

"Wakenya. Mnakuja na mashini ya kurekodi, mnakula mandazi yetu, mnapata digrii. Tukiuliza nani alikosa, mnafunikana kama sufuria." Alinitazama juu hadi chini, kadi yangu ya jina, viatu vyangu vya kuazima. "Sawa. Jina sitaki. Nitakuuliza namba. Jiandae."

Nikajiandaa. Chooni, mbele ya kioo, niliandaa sentensi moja ya Kiingereza: *Maadili ya utafiti hayaniruhusu kufichua utambulisho wa mshiriki yeyote.* Ilikuwa sentensi nzuri. Kila neno lake lilikuwa kweli.

Kisha nikaketi kumtazama akipanda kabla yangu. Alieleza kwa nini lami ya Texas inapasuka, na akawachekesha mpaka wakapigapiga viti. Aliiga barabara inayolalamikia malori, aliiga lori. Nilimchukia kwa dakika tatu kamili. Ilipofika zamu yangu nikampa Orpa mtoto, nikapanda, nikasema vizuri kuliko nilivyowahi kusema jambo lolote. Nikasema, mama mmoja. Nikasema, mkalimani mmoja. Nikaona mwanamke mwenye beji ya hospitali akiipiga slaidi yangu picha.

*

Sekunde arobaini.

Sentensi ilikuwa tayari mdomoni. Nilihitaji tu kufumbua.

Orpa hakuwa amelielewa swali la Kiingereza, ila alilielewa lile la Kiswahili. Nilidhani atanitazama mimi. Hakunitazama. Alikuwa anamtazama Kalume, kwa pembeni, kwa haraka, kama unavyofunua chungu uone kama kimeanza kuchemka. Miaka minne alikuwa anamtazama hivyo. Na Kalume alikuwa ameinamia viatu vyake.

"Nambari ni 4471," nikasema kwa Kiingereza. "Ni yangu."

Ukumbi haukuelewa mara moja.

"Mkalimani ni mimi. Na sikukosea neno moja tu. Daktari aliuliza kama mama amekataa. Ilikuwa wajibu wangu kumwuliza mama. Sikumwuliza. Nilijibu mwenyewe. Hayo sikuyaandika kwenye utafiti, na nilipaswa kuyaandika ukurasa wa kwanza."

Mtu mmoja nyuma akasema kitu kwa sauti, neno la matusi au la mshangao, sikujua. Mwingine akanizomea. Si wengi, lakini kuzomewa hakuhitaji wengi. Saa ilikuwa bado inahesabu, na Brandon alinitazama kama mtu anayetamani kuizima asijue swichi iko wapi. Heritier hakukaa. Kipaza sauti kilikuwa kimeshuka hadi kwenye paja lake.

Nikalirudia jibu hilo kwa Kiswahili. Lilikuwa fupi zaidi.

Kisha nikashuka kabla ya muda kwisha.

Jaji mkuu alinisubiri nyuma ya pazia, mama mwenye sauti ya chini. Aliniambia jina langu limeondolewa na kwamba chuo changu kitaarifiwa. Alisema pia kwamba ilikuwa kazi nzuri, na namna alivyolisema hilo ilikuwa mbaya kuliko yale mengine. Heritier alishinda. Alipopita karibu yangu na kile kikombe chao cha ushindi cha kioo alisimama, akakihamisha kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

"Nimekutafuta miaka mine," alisema. "Nilitaka uwe mtu mbaya."

Nikampisha apite.

"Usifikiri nimekusamehe," akaongeza, akaenda kupigwa picha.

Orpa alinikuta nje ya mlango wa vioo, juani. Alikuwa amemshika Kathambi mabega, akamsukuma kwangu kama anayerudisha sahani ya watu.

"Chukua mutoto yako."

"Mama Zoé..."

"Ulikaa ku meza yangu."

"Ndiyo."

"Ulikula. Nikakupa na ya kubeba." Sauti yake haikupanda. "Ulijua?"

"Nilijua ulipomvua mtoto viatu."

Akafumba macho. Nilidhani atanipiga, na nadhani naye alidhani hivyo, maana aliutazama mkono wake kabla ya kuushusha. Kathambi alinishika sketi. Akauliza kwa Kiingereza, kwa sauti ndogo, kama Mama Zoé anaumwa.

"Ngoja hapa," Orpa akasema. "Usiende."

Alivuka maegesho hadi kwenye gari lao. Nikawaona wakizungumza, yeye amesimama, Kalume amekaa kwenye kiti cha dereva, mguu mmoja nje. Kisha Kalume akatoka. Walikuja wote, Zoé katikati yao, na Orpa alimsimamisha mumewe mbele yangu kama shahidi mahakamani, ingawa shahidi nilikuwa mimi.

"Muambie," akasema. "Kiswahili. Pole pole."

"Baba Zoé," nikasema. "Daktari aliuliza kama wampasue. Mkeo alisema kutosha. Alikubali. Mimi ndiye niliyesema amekataa. Yeye hakukataa."

"Rudia."

Nikarudia.

Kalume alikuwa anatazama midomo yangu, si macho. Alikuwa na uso wa mtu anayesoma kitu kilichoandikwa kwa mwandiko mbaya.

"Mara ngapi?" akauliza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia sauti yake.

"Mara tatu, baba. Ya kwanza kwa chini. Ya mwisho alipiga kelele."

"Alipiga kelele," akasema.

"Ndiyo."

Akamgeukia Orpa. Nilidhani ataomba msamaha, au atalia, wanaume wakubwa namna ile hulia vibaya. Hakufanya hata kimoja. Alisema tu, "Uliniambia."

"Nilikuambia."

"Mara mingi."

"Kisha nikachoka."

Malori yalipita kule barabarani. Wanafunzi walikuwa wakitoka wakicheka, na waliponiona wakanyamaza, wakatupitia kando kama maji yanavyopita jiwe. Chuo kilinisimamisha muhula mzima baada ya siku ile, na kampuni ya ukalimani ikanifuta. Orodha yangu haikuingia hospitali saba. Imeingia mbili, kupitia yule mwanamke wa beji, bila jina langu, na jioni moja wiki iliyopita nilirudi darasani. Lakini hayo yalikuwa bado mbele. Pale nje, Kalume alikuwa ametoa simu mfukoni na anaitazama.

"Kule Uvira ni saa moja ya jioni," akasema, si kwa yeyote hasa. "Mama iko anakula."

"Atamaliza," Orpa akasema.

Kalume akakaa kwenye ukingo wa saruji, suti na yote, akatafuta namba. Orpa aliwahi kuniambia kwamba simu ile ya Uvira ikiita, yeye hutoka nje akaanike nguo, hata kama hakuna nguo za kuanika. Sasa alikusanya kitenge chake kipya, akakaa saruji hiyo hiyo, bega kwa bega na mumewe, akanyoosha kidole na kubonyeza spika.

"Weka yote tusikie," akasema.

Simu ikaanza kuita. Nilimshika Kathambi mkono, tukaondoka, maana hayo hayakuwa yangu. Tulikuwa tumeshafika kwenye gari na ninamfunga mkanda wakati sauti ya kizee ilipoitika kule mbali, "Allo? Kalume?", na Kalume akamwambia mama yake aache kwanza kula, aketi vizuri, kuna jambo la mkewe anataka kumweleza tangu mwanzo.